Tabaka la Mita Tatu

Perpetua tulimzika Ijumaa. Kutoka makaburini tukaenda kula katika ukumbi wa kanisa hapa Husby, kitongoji cha Stockholm, ule wa chini, wenye viti vya plastiki na madirisha yanayotazama magurudumu ya magari. Nilikaa pembeni, karibu na mlango wa jiko, mahali anapokaa mtu asiyetaka kuombwa aseme machache kuhusu marehemu. Chantal, binti yake, aliniletea sahani mwenyewe: ugali, sombe ya majani ya mihogo, na maharage ambayo alikuwa ameshayaponda kwa mgongo wa kijiko. Mama yake alikuwa akinipondea vivyo hivyo. "Jumapili uje," Chantal akaniambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili anakisikia lakini hajibu nacho. "Tutaendelea kama zamani." Nikaitikia kwa kichwa. Miaka kumi na saba nimekula kila Jumapili mezani kwa Perpetua, na sikuwahi kumwambia jambo ambalo alikuwa na haki ya kulijua kabla ya kunipa hata glasi ya maji.

Kiti cha mbele yangu kikavutwa. "Shikamoo, Mzee." Ilinichukua muda. Nywele zimekuwa za mvi na uso umejaa, lakini sauti ilikuwa ile ile. Wambui. Mkenya wa kwanza katika nchi hii kuniamkia shikamoo bila kucheka. Alikuwa mkubwa wangu kazini ingawa kwa umri ningeweza kumzaa, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anatoka mlangoni pa ghala na sanduku la vitu vyake kifuani. Akaniuliza habari za mguu wangu, habari za baridi. Kisha akainama juu ya meza. "Mzee, yale mabaki ya udongo wa mita tatu. Yalitupwa?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua. Yalikuwa nyumbani kwangu, chini kabisa ya friza, yamefungwa kwa nailoni mbili, na juu yake nimepanga samaki.

Nilikozaliwa na aliyenizaa havina kazi katika habari hii. Jueni tu kwamba nilisoma mpaka darasa la tatu, basi, na kwamba kabla ya kufika Stockholm nilikuwa mchimba visima. Nilichimba Burundi, nikachimba kambini Tanzania, kwa sururu na ndoo, na hakuna kisima changu hata kimoja kilichomwangukia mtu. Hilo nilikuwa nikilitaja kabla ya kutaja jina langu. Hapa nilipofika walinipa ufagio. Mwaka ninaousema, 2007, ulianza mimi nikiwa na miaka hamsini na mbili, na ufagio nilikuwa nimeshautupa, na aliyenitoa kwenye ufagio ni Wambui.

Lilikuwa ghala Upplands Väsby, dakika chache kutoka kituo cha treni. Kampuni ilikuwa inapima ardhi kwa watu wanaotaka kujenga au kufukia mabomba. Wachimbaji walikwenda na mashine, wakatoboa, wakarudi na udongo ndani ya vibomba vya plastiki, kila kibomba kimeandikwa shimo lake na kina chake. Ndani kulikuwa na chumba cha baridi chenye rafu hadi darini, na chumba kingine chenye meza ndefu ya bati. Kwenye meza udongo ulisukumwa nje, ukapasuliwa kwa waya kama jibini, na ilibidi mtu aseme: hiki ni nini? Alichosema kiliandikwa kwenye karatasi, na wajenzi walifuata karatasi. Wambui alikuwa amesomea mawe chuo kikuu. Mimi nilikuwa napiga deki. Siku moja nikamwona anaandika "lera", yaani udongo wa mfinyanzi, juu ya kipande ambacho hata kwa mbali kilinitia shaka. Nikaegemeza ufagio, nikachota kidogo kwa kucha, nikatia katikati ya meno ya mbele.

"Huu si mtupu, dada. Una unga."

Hakukasirika. Alichukua tonge akalitandaza kiganjani, akaugonga gonga mkono kwa pembeni. Maji yakapanda juu ya udongo, yakang'aa kama uso uliopakwa mafuta. Alipokunja vidole, mng'ao ukazama. "Ai, Mzee," akasema. "Wewe ulikuwa wapi siku zote?" Nikamwambia nilikuwa hapo hapo, nikifagia.

Mwezi uliofuata nilikuwa mezani. Alinifundisha njia yao: viringisha, tikisa, uma. Udongo mtupu unaviringika kuwa uzi mwembamba kama tambi, ukiutikisa kiganjani haufanyi kitu, na kwenye meno ni laini kama siagi. Ukiwa na unga, ile chembe ndogo kuliko mchanga ambayo jicho haliioni, uzi unakatika, kiganja kinang'aa, na meno yanasikia mkwaruzo. Huko kwetu tuliuita unga unaolia, kwa sababu ukuta wa kisima ukianza kutoa machozi mahali hapo, unatoka shimoni bila kusubiri kuambiwa. Udongo mtupu husimama. Wenye unga na maji hausimami. Wambui aliyaandika maneno yangu kwenye daftari lake, kwa Kiswahili, na mimi mtu wa darasa la tatu nikaona kichwa kinagusa dari.

Alikuwa na sanduku la mbao la vipande vya mawe, analifungua tukinywa kahawa. Jiwe la chokaa la kijivu lenye konokono wa baharini waliogeuka jiwe. Jiwe jekundu la mchanga. Jiwe jeusi linalochanika kama kurasa. Kila moja alilitaja jina na tabaka lake, kipi kililala chini ya kipi. "Yote haya yalikuwa matope, Mzee. Yakashuka chini ya maji, yakalaliwa na mengine, yakakaa." Nikamuuliza, na matope yetu haya mezani? "Hayo ni mawe ambayo hayajaiva." Akanionyesha udongo wenye mistari wa huku, uliotuama wakati barafu kuu ilipokuwa inayeyuka: mstari mweupe wa kiangazi, mstari mweusi wa majira ya baridi, mweupe na mweusi, na kila jozi ni mwaka mmoja. Unauhesabu kama umri wa mti. Mstari mweupe ndio wenye unga. Ukiwa mwembamba kama uzi hauna neno. Ukiwa mnene kama kidole lazima uutaje, kwa sababu jina la tabaka kwao lina sehemu mbili, kilicho kingi na kilichochanganyika nacho, na yule anayefukia mabomba anahitaji zote mbili. "Siltig lera", udongo wa mfinyanzi wenye unga, si sawa na "lera". Neno moja mbele, basi, lakini neno hilo ndilo linaloleta mbao za kuzuia kuta za mtaro.

Deo alikuwa mume wa Perpetua. Tulikaa kambi moja, tukaletwa huku mwaka mmoja, na mwaka huo wa 2007 alikuwa anafanya kazi mitaroni, anaingia chini kuunganisha mabomba. Walikaa Hjulsta, hatua chache kutoka mwisho wa reli, na Jumapili baada ya ibada nilikwenda kula kwao. Alikuwa mtu wa kelele. Nikivua koti tu ananiita: "Muzee! Umekula udongo gani wiki hii? Mke wangu alipokuwa na mimba ya Chantal alikula mdogo kuliko wewe!" Perpetua anampiga kwa taulo la jikoni. Chantal, miaka tisa, anamuuliza baba yake kwa Kiswidi kama ni kweli wananilipa kwa kula udongo. "Kweli kabisa," Deo anasema. "Na mimi wananilipa kwa kuingia ndani yake. Muzee anaonja, mimi ninaliwa." Tulicheka. Naandika hivi kwa sababu tulicheka sana, mimi kuliko wote.

Meno yangu yalikuwa yameanza kulegea zamani. Majira ya baridi yale ufizi ulioza, na Januari daktari aliyang'oa yote, juu na chini. Februari nikapewa ya bandia. Kazini sikumwambia mtu. Nilisema nina mafua, nikaziba mdomo kwa skafu wiki tatu. Baadaye nikawa nakula supu peke yangu nikisema nimefunga kwa maombi, na Wambui akaheshimu maombi yangu. Muelewe aibu yenyewe. Pale mezani kila mtu alikuwa na cheti. Mimi cheti changu kilikuwa mdomoni. Wachimbaji wa Kiswidi walikuwa wakileta wageni waje kumwona Mwafrika anayeuma udongo na kutaja jina lake kabla mashine haijawashwa. Siku ya kwanza niliyouma kwa meno mapya nilisikia mlio wa plastiki, tak, lakini udongo wenyewe sikuusikia. Kama kuonja mchuzi kwa mdomo wa mtu mwingine. Zilikuwepo njia mbili nyingine, kuviringisha na kutikisa, na mikono yangu haikuwa na kasoro. Lakini nilikuwa nimeshajitapa mbele ya watu wote kwamba kutikisa ni kwa wanaoanza. Nikaendelea kuuma, na niliyoandika yalitoka kwenye mazoea ya macho, na mara nyingi yalikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonipumbaza.

Aprili vikaja vibomba vya Hjulsta, mstari mrefu wa mabomba ya maji machafu. Vilikuwa vingi na vilitakiwa upesi. Kile cha mita tatu nilikipasua karibu na saa ya chakula. Mistari, mweupe na mweusi, na katikati mweupe mmoja ulikuwa mpana kidogo. Niliuona. Nikauma. Tak. Laini kama siagi, nikajiambia, na siagi hiyo ilikuwa plastiki yangu mwenyewe. Nikaandika "lera". Wambui alipopita kutia sahihi alisimama nyuma yangu muda mrefu kuliko kawaida.

"Umeitikisa hii, Mzee?"

"Nimeuma."

"Ule mstari?"

"Dada, mimi nimechimba visima kabla hujazaliwa. Ni udongo mtupu."

Alishika kalamu hewani. Nilidhani anahesabu kitu. "Haya basi," akasema, akatia sahihi.

Jumapili moja ya Mei nilikuwa sebuleni kwao na Chantal ananionyesha michoro yake, na jikoni namsikia Perpetua anamwambia mumewe kwamba mtaro anaofanyia kazi Deo, ule wa karibu na shule, ameupitia, na kuta zimesimama wima bila ubao hata mmoja, na yeye hapendi. Deo akajibu, wala hakujua nasikia: "Karatasi inasema udongo ni muzuri. Na karatasi ni ya Muzee. Ameuma yeye mwenyewe. Nimuogope Muzee?" Nilibaki nimeshika mchoro wa Chantal. Ningeweza kunyanyuka. Hatua sita mpaka jikoni. Nilikumbuka ule mstari mweupe, na nikakumbuka pia kwamba nikisema nina shaka, neno litakalofuata ni: kwa nini? Nikamwambia Chantal nyumba aliyoichora ni nzuri.

Jumanne, saa nne asubuhi, simu ya chumba cha kahawa ililia, Wambui akapokea, akakaa chini. Ukuta wa mtaro ulikuwa umeshuka kwa mkupuo mmoja, kuanzia mita tatu, tope likitoka kama uji unaofurika. Lilimfika Deo kifuani. Mwenzake alimshika mkono na wakazungumza, aliniambia baadaye, Deo akaomba mtu ampigie mkewe asimsubiri kwa chakula. Kisha upande wa pili nao ukaja. Walipomtoa alikuwa na udongo mdomoni. Hospitalini Perpetua alikataa wauguzi wamsafishe, akamsafisha mwenyewe kwa kidole na kitambaa, na mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikimtazama anavyochota.

Jioni ile ile nilirudi ghalani. Chumba cha baridi hakikuwa na mtu. Mabaki ya vibomba hukaa miezi miwili ndipo yatupwe; nilitoa kile cha mita tatu nikakitia ndani ya koti. Sababu sikuijua. Sikutaka wengine wakitikise, na mimi mwenyewe nilishindwa kukitikisa. Maadamu hakijatikiswa, huenda kilikuwa udongo mtupu, na kosa ni la mvua, au la mashine iliyoegeshwa karibu, au la Mungu.

Wakaja watu wa usalama kazini, mwanamume na mwanamke, wakaketi kwenye meza ya bati. Mkubwa wa ghala akawaambia mabaki hayakuonekana, pengine yameshatupwa. Wakaweka karatasi katikati. "Nani aliupima huu?" Mwandiko ulikuwa wangu. Lakini kwa kanuni zao mtu asiye na cheti haruhusiwi kutaja tabaka, na Wambui alikuwa ameniruhusu. Alinitazama mara moja. "Mimi," akasema. "Nilimsomea, yeye akaandika." Mtakaosema alikuwa anajilinda, haya, semeni. Aliachishwa kazi kabla ya kiangazi kwisha. Mimi nilirudishwa kwenye ufagio, na kutoka hapo mpaka nastaafu nilifagia chini ya meza ile, na pensheni naila. Sikufungua mdomo. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ya Deo, Perpetua alinipigia simu: mbona huji, chakula kinapoa. Nikaenda. Aliona natafuna kwa shida, akanipondea maharage. Na Jumapili iliyofuata.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu ukumbini, na Wambui ananitazama, na mimi nimeshasema "sijui". Akasogeza sahani yangu kando kwa kidole kimoja.

"Meno yako, Mzee. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu Februari. Ulikuwa ukinywa chai nasikia yanagonga kikombe. Mamangu alikuwa nayo. Nilijua huwezi kusikia kitu na hayo." Alikuwa anazungumza haraka, kama mtu aliyekariri kwa miaka. "Siku ile nilitaka kuchukua tonge nilitikise mwenyewe. Lilikuwa hapo, mbele yangu. Nikaona nitakuaibisha mbele ya wale wachimbaji. Nitamwambiaje mtu wa rika la baba yangu, toka nikupime? Nikatia sahihi. Sikusema 'mimi' kukuokoa wewe, Mzee. Nilisema 'mimi' kwa sababu ni mimi."

Kwa hiyo heshima yake na majivuno yangu vilikutana juu ya karatasi moja, na Deo akaingia mtaroni akiwa anatuamini sote wawili. Nilitaka kumshika mkono. Sikuushika. Nikamwambia ukweli wa friza. Alifumba macho. "Basi kitikise," akasema. "Lakini si kwa ajili yangu mimi. Mimi nilijua jibu siku ile." Akatazama upande wa jiko, ambako Chantal alikuwa anakusanya sahani.

Nilimpigia Chantal, akaja Jumamosi mchana, katika mapumziko yake. Ni nesi, alikuwa bado na kitambulisho shingoni. Nilikuwa nimekitoa kifurushi tangu asubuhi, kiko kwenye sinki, barafu imeshayeyuka. Nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni. Kwanza nilitoa meno, nikayaweka mezani juu ya kitambaa, kwa sababu nisingeweza kusema nikiwa nimeyavaa. Ukiacha daktari, hakuna mtu aliyewahi kuniona hivyo. Kisha nikamwambia yote, kwa Kiswidi changu kibovu kilichokuwa kibovu zaidi bila meno: kibomba, mstari mweupe, karatasi, mchoro wake wa nyumba na zile hatua sita mpaka jikoni. Nilipomaliza nikafungua nailoni, nikachota pale penye mstari, nikaongeza matone mawili ya maji, nikatandaza kiganjani. Nikaugonga mkono kwa pembeni.

Uling'aa.

Nikakunja vidole, ukafifia. Nikakunjua, nikagonga, ukang'aa tena. Mtoto wa siku ya kwanza mezani angeuona.

Chantal akanyoosha kiganja chake. "Nipe." Nikamhamishia tonge. Akagonga mkono kwa pembeni kama alivyoniona, akatazama maji yanapanda, akafunga ngumi mpaka udongo ukatoka katikati ya vidole. Akaenda kwenye sinki. Alinawa mikono kama wanavyonawa hospitali, hadi kwenye viwiko, mara mbili, na maji ya kijivu yakazunguka yakaisha. Alijifuta. Akachukua koti lake. Mlangoni akageuka, akatazama meno yaliyokuwa mezani kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinisemesha kwa lugha ya baba yake.

"Jumapili usije."